'Nigundue vipi na geti nishafungiwa?' Tafsiri inayomtwika mnyonge mzigo wa mwenye nguvu

Juzi jioni nilikuwa katika duka la saiba hapa Changamwe nikichapisha mtihani wa wanafunzi wangu, akanijia jirani yangu na karatasi mbili mkononi. Ni mtu mzima aliyenizidi umri, aliyekuwa karani wa geti katika bohari moja ya makasha kwa miaka tisa kabla ya kuachishwa kazi. Mwajiri wake anadai alikuwa akitoroka zamu. Yeye asema hakukosa hata siku moja, na kwamba mashine ya alama za vidole iliyo getini, kamera za ulinzi na kundi la WhatsApp la wasimamizi vyote vingemshuhudia.

Karatasi ya kwanza ilikuwa barua ya Kiingereza kutoka kwa wakili wake. Ya pili ilikuwa tafsiri ya Kiswahili aliyofanyiwa na kijana mmoja msomi wa mtaani. Kidole cha mzee kilikuwa kimesimama juu ya maneno "ugunduzi wa kielektroniki".

"Mwalimu, hebu nisomee hapa. Wasema kesi sasa imefika pahala pa ugunduzi. Yaani mimi ndo nigundue? Nigundue vipi na geti nishafungiwa?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Swali lake lilikuwa na mantiki kuliko tafsiri aliyoishika. Mzee alikuwa amelisoma neno sawasawa. Aliyekosea ni mfasiri. Na kosa lenyewe, nilipolitafakari njiani nikirudi nyumbani, niliona lazidi kosa la kawaida la msamiati. Linauchukua wajibu wa kisheria kutoka kwa aliye na nyaraka na kumtwika asiye nazo. Hiyo ndiyo hoja yangu wiki hii.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru pande za kesi zitoe nyaraka zilizo mikononi mwao zikaguliwe na upande wa pili. Mahakama ya ajira nayo ina kanuni zake, ila msingi ni huo huo: usije kortini na karata ulizozificha kwenye kikwapa. Waingereza waliotuachia sheria hiyo waliliita jambo hili "discovery". Zamani nyaraka zilikuwa faili na risiti. Leo ni barua pepe, rekodi za mashine za vidole, picha za kamera, jumbe za WhatsApp, taarifa za M-Pesa na nakala zilizolala kwenye seva.

Dunia ya sheria imekuwa ikijirekebisha kufuata mabadiliko hayo. Marekani ilibadilisha kanuni zake za kesi za madai mwaka wa 2006 ili zitaje waziwazi taarifa zilizohifadhiwa kielektroniki. Kwetu, Sheria ya Ushahidi iliongezewa kifungu cha 106B mwaka wa 2009, kinachotaka rekodi ya kompyuta iandamane na cheti cha kueleza ilitolewa vipi na kwa chombo gani. Mwaka wa 2014 kikaja kifungu cha 78A, kinachoukubali ushahidi wa kielektroniki na kuitaka mahakama ipime jinsi ulivyoandaliwa na kutunzwa. Ndiyo maana mtu akifika katika mahakama ya Shanzu na skrinshoti tupu, hakosi kuulizwa: cheti kiko wapi?

Sheria, basi, imepiga hatua. Kiswahili chake ndicho kilichobaki nyuma, na hapa lawama ni zetu sisi watu wa lugha.

Hebu tukitazame kitenzi "gundua". Anayegundua ni mtafutaji. Ndiye mwenye jasho na ndiye mwenye sifa. Kinachogunduliwa hakina sauti. Vitabu vya zamani vya shule vilitufundisha kwamba mmishonari Johannes Rebmann, aliyekuwa na makao yake Rabai, hapo jirani tu na Changamwe, aligundua mlima Kilimanjaro mwaka wa 1848. Wachaga waliokuwa wakilima migomba kwenye mteremko wa mlima huo hawakuulizwa kama walijua ulikuwapo. Hiyo ndiyo tabia ya kitenzi hiki: chamtazama anayetafuta na kumsahau anayejua.

Sasa kipeleke kitenzi hicho mahakamani. Mwajiri ana mashine, ana kamera, ana fundi wa kompyuta na ana nywila. Anajua fika kilichomo. Mfanyakazi hana lolote ila barua ya kufutwa kazi. Tukisema kesi imefika kwenye "ugunduzi", tumemwambia mfanyakazi akatafute, na mwajiri akae kitako asubiri kugunduliwa. Sheria yasema kinyume kabisa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10(7), inaeleza kwamba mwajiri akishindwa kuleta mkataba au maelezo ya ajira aliyotakiwa kuyaandika, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Sheria yamwinua mnyonge, tafsiri inamkalisha chini.

Wapo wanaolikwepa "gundua" na kukimbilia "fichua", wakaandika "ufichuzi wa nyaraka". Hili ni afadhali kidogo, kwa sababu "fichua" ni kauli ya kutendua ya "ficha". Vitenzi vya namna hiyo vina faida kubwa: funga na fungua, ziba na zibua, ficha na fichua. Ukisikia tendo la kufungua, mara moja unajua palikuwa na aliyefunga. "Gundua" halina mwenzake wa namna hiyo katika matumizi ya leo, ndiyo maana halimtaji mtu.

Lakini "fichua" nalo lina ila yake. Katika magazeti yetu, anayefichua ni mtu wa ndani anayechukua waraka usiku na kuutoa nje kwa uchungu wa nchi yake. Ni ushujaa, ila mahakama haiupokei kila mara. Kesi ya ujenzi wa reli ya SGR iliyofunguliwa na Okiya Omtatah na Chama cha Mawakili mwaka wa 2014 ni mfano mzuri. Nyaraka kadhaa alizoziwasilisha Omtatah ziliondolewa kwenye rekodi kwa kuwa hazikupatikana kwa njia halali, na mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ikakubaliana na uamuzi huo. Kwa hivyo tukiuita utaratibu halali wa mahakama "ufichuzi", tunauvika nguo ya kile ambacho mahakama hiyo hiyo inaweza kukikataa.

Mimi napendekeza "funua". Kinyume chake twakijua sote, kwani Mswahili husema funika kombe mwanaharamu apite. Ukifunika, kombe ni lako na mkono ni wako. Ukitakiwa kufunua, hakuna anayekuita mwizi; unaambiwa tu uondoe mkono wako kila mtu aone. Najua wengine watasema "ufunuo" limeshachukuliwa na Biblia. Basi tuseme "ufunuaji wa nyaraka". Au bora zaidi, tutumie utajiri wa minyambuliko yetu: pande mbili "zifunuliane" nyaraka. Katika neno moja kuna kutendua, kutendea na kutendana. Mwajiri amfunulie mfanyakazi, na mfanyakazi naye amfunulie mwajiri, simu yake ikiwemo. Kiingereza chahitaji sentensi nzima kulisema hilo.

Na asitwambie mtu kwamba lazima tufuate neno la Kiingereza hatua kwa hatua. Waingereza wenyewe waliliacha. Kanuni zao mpya za kesi za madai zilipoanza kutumika Aprili 1999, "discovery" liliondolewa na badala yake likawekwa neno lenye maana ya kuweka wazi. Waliona neno la zamani limechakaa. Sisi bado tunalitafsiri kwa jina la mabaharia na wapanda milima.

Zaidi ya hayo, wananchi walishatutangulia. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, Mahakama ya Juu iliamuru Tume ya Uchaguzi iwape walalamishi fursa ya kukagua seva zake. Tume haikutekeleza amri hiyo kikamilifu. Matokeo ya urais yalipobatilishwa Septemba 1, 2017, majaji wanne kati ya sita wakiunga mkono, kule kukataa kufungua seva kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoiponza Tume: mahakama ilisema ina haki ya kudhani kwamba kilichofichwa kingemdhuru aliyekificha. Kwenye vijiwe vya Likoni na Kisauni siku zile hakuna aliyesema "ugunduzi wa kielektroniki". Watu walisema "fungua seva". Wauza kahawa walikifahamu kiini cha sheria kuliko wafasiri wetu, maana "fungua" limemtaja mwenye ufunguo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye upande wa pili wa shilingi, yaani faragha. Mwajiri wa jirani yangu alikuwa ameshaandikiwa barua. Jibu lake, kama nilivyolisoma, lilisema rekodi za mashine ya vidole na za kamera ni "siri za wafanyakazi" na kwamba sheria ya data yamkataza kuzitoa.

Ajabu ya Musa! Mtu anaombwa rekodi za vidole vyake mwenyewe, anaambiwa ni siri yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuona data zake zilizo mikononi mwa mwingine, na kanuni za 2021 zinataka ombi la namna hiyo lijibiwe ndani ya siku 7. Na kwa rekodi zinazogusa wengine, kifungu cha 51 cha sheria hiyo kinaacha mlango: utoaji wa data unaotakiwa na sheria iliyoandikwa au na amri ya mahakama haukatazwi. Wenzake wa zamu wana haki ya kulindwa, naam. Hakimu anaweza kuamuru majina yao yafichwe, au picha zikatwe zibaki za saa na geti zinazohusika tu. Ila ulinzi huo wao usigeuzwe pazia la mwajiri.

Kosa la lugha lililomsaidia mwajiri ni kulitia "siri" mahali pa "faragha". Maneno haya mawili hayafanani. Siri ni jambo lililofichwa, na mwenye siri huulizwa: una nini unachoficha? Ndiyo maana twasema siri ya mtungi muulize kata. Faragha haina hatia ndani yake. Ni nafasi ya mtu kuwa peke yake na watu wake. Nyumba za Waswahili zimejengwa kwa kuifahamu tofauti hii. Mgeni huketi darazani au ukumbini, akabisha hodi, akangoja karibu. Ndani kuna wake, watoto na sufuria, hakuna dhambi. Lakini huingii hivi hivi. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inapolinda mtu dhidi ya kutakiwa au kutolewa bila sababu taarifa za familia yake na mambo yake binafsi, inasimamia hodi hiyo.

Kampuni na serikali zina siri. Faragha ni ya binadamu. Tukizichanganya, wenye nguvu hujifunika kwa nguo ya wanyonge. Tuirudie SGR, maana kituo chake cha Miritini ki hapa bara kwetu na mikataba yake imegusa riziki ya madereva na wenye magereji wa Changamwe. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliomba serikali itoe mikataba hiyo. Hawakupewa, wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa. Serikali ilijitetea kwa vipengele vya usiri vilivyomo kwenye mikataba yenyewe. Mnamo Mei 13, 2022, Jaji John Mativo aliamuru wapewe taarifa hizo. Novemba mwaka huo Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akaweka hadharani mikataba ya mkopo. Tazama basi: serikali ilidai siri juu ya reli ya umma, ilhali mwaka wa 2021 Mahakama Kuu ilikuwa imeharamisha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu serikali hiyo hiyo ilizikimbilia bila kutathmini athari zake kwa data za wananchi. Siri ya mkubwa ilifungwa kwa kufuli, faragha ya mdogo ikaachwa mlango wazi.

Hata neno "data" lenyewe linatuponza. Nilipokuwa nikieleza mambo haya kwenye foleni ya feri, mama mmoja wa Likoni alinigeukia akaniuliza, "Mwanangu, hiyo data inayolindwa ni hii ya bando yangu inayoisha usiku nimelala?" Watu walicheka, lakini mama hakuwa akifanya mzaha. Mtaani, data ni kitu cha kununuliwa kwa shilingi ishirini. Kumbe mama huyo alikuwa na malalamishi ya kweli: alikopa kwenye programu ya simu, akachelewa kulipa, wakapigiwa dada zake na imamu wa msikiti wake. Hakujua kuna afisi ya kumlinda kwa sababu jina la afisi halikumwambia hivyo. Na afisi hiyo ina meno. Septemba 2023 ilitoza kampuni moja ya mikopo ya simu, Mulla Pride, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia jumbe na simu za vitisho. Shule moja ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi.

Watanzania hapa wametushinda. Sheria yao ya 2022 inaitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na tume yao ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mama wa Likoni angelisikia jina hilo, asingefikiria bando. Sitaki tulifukuze neno "data", lishakuwa letu. Nataka liongozane na "binafsi" au "taarifa za mtu" kila linapomhusu mwananchi.

Vivyo hivyo kwenye kibonyezo cha "nakubali". Sheria yataka kukubali kwa hiari, kwa jambo mahususi, na baada ya kuelezwa. Wafasiri wengi huandika "idhini". Idhini hutoka kwa mwenye mamlaka. "Ridhaa" hutoka moyoni, shina lake ni lile la radhi na kuridhika. Karani anayeambiwa aweke kidole kwenye mashine au aende nyumbani ametii. Ridhaa hapo sioni.

Rafiki yangu mmoja wakili alinisikiliza, akatabasamu. "Mwalimu, unajisumbua bure. Istilahi ni chombo tu. Sisi twaelewana kwa Kiingereza, na mteja huelezewa na wakili wake." Nakubali kwamba mawakili wanaelewana. Ila si kila mlalamishi ana wakili, na mahakama za mahakimu zaruhusiwa kisheria kuendesha kesi kwa Kiswahili. Katiba nayo imekifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka wa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Siku na sisi tukifika huko, tutafika na istilahi zipi? Tukingoja siku hiyo ndipo tuanze kutafsiri, tutazichota zile zile zilizokwisha kuzagaa, "ugunduzi" ikiwa mbele.

Nami sijitoi kwenye lawama. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu orodha ya istilahi za sheria na kompyuta, na nikikumbuka vizuri, "ugunduzi" lilikuwemo. Niliunakili tu ukurasa wa kamusi bila kujiuliza nani anagundua nini. Tunapounda istilahi, tumezoea kuuliza: neno hili la Kiingereza kwa Kiswahili ni lipi? Swali la kwanza lingefaa liwe: katika jambo hili, nani anadaiwa nini na nani?

Jioni ile nilichukua kalamu, nikakata maneno ya kijana yule, nikaandika juu yake: "Kesi imefika hatua ya pande mbili kufunuliana nyaraka. Mwajiri atatakiwa atoe rekodi za mashine ya vidole, kamera na jumbe za wasimamizi zinazohusu zamu zako, pamoja na cheti chake. Wewe nawe utatoa ulizo nazo."

Mzee aliisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Aa, hapo nimefahamu," akasema. "Kumbe wao ndo watakiwao kufunua." Kisha akatoa simu yake mfukoni, akaanza kunitafutia ujumbe wa msimamizi wa siku aliyoambiwa alitoroka.